Mabati Kuzunguka Bwawa

Jumatatu, 4 Agosti
Nimefungulia mbuzi, nimefagia uwanja, nimebandika uji. Mfereji bado mkavu. Lori la maji limekuja kujaza bwawa alilotuma mkwe wangu kutoka Nairobi, mjukuu apate kuogelea. Si bwawa la kuchimba. Ni la plastiki, limesimama juu ya ardhi kwa vyuma vyake, linanifika kifuani, na lina ngazi ya kupandia. Maji mengi namna hii sijawahi kuwa nayo. Nimeyatazama mpaka uji ukaungua.

Lori likiwa bado linamwaga, jirani yangu Bi Rukia alikuwa barabarani na mtungi mtupu. Akanisalimu, akapita. Niliona aibu. Kisha nikamkasirikia yeye kwa kunitia aibu.

Jumanne, 5 Agosti
Binti yangu Mkawasi amepiga simu. Ijumaa anamleta Wawuda, mtoto wake wa miaka minne, akae nami likizo. Kabla hajafika anataka bwawa lizungushiwe ua. Ua wa waya, mtu aone ndani. Mlango unaojifunga wenyewe, komeo juu asikofika mtoto. Ngazi iondolewe kila watu wakimaliza kuoga. Amerudia maneno hayo kama mtoto ni mimi. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Nimelea wanne hapa Voi na hakuna aliyekufa maji. Maji ya kufia hayakuwepo, hilo ni kweli.

Jumatano, 6 Agosti
Fundi amesimamisha nguzo na kukaza waya. Kazi safi. Ila waya unaonyesha kila kitu. Wanawake wanaotafuta maji wanapita na mitungi, wanageuza shingo. Nimeshindwa kukaa nje. Nimemwambia fundi achukue mabati ya jiko la zamani ayafunge juu ya waya, pande zote, asiachie hata upenyo.

Bi Rukia ameuliza mabati ya nini. Nimemwambia ni usalama, ndovu wasije wakaona maji. Akasema, "Haya, Mama Mkawasi." Ndovu hatafuti maji kwa macho, anayanusa. Yeye anajua, mimi najua, hata mbuzi wanajua.

Alhamisi, 7 Agosti
Komeo la kujifunga halipo dukani, mpaka litoke Mombasa. Nimefunga mlango wa ua kwa ukanda wa mpira wa tyubu, kitanzi kwenye msumari, vile vile ninavyofunga zizi. Mbuzi hawajawahi kuufungua. Mkawasi akiuliza nitasema mlango unafungwa. Unafungwa.

Jioni Bi Rukia amekuja kuomba ndoo moja. Mama yake hawezi, yuko kitandani, na shuka zake zinataka kufuliwa kila siku. Nimemwambia maji yametiwa dawa, yatamwasha mgonjwa. Alinishukuru kwa kumweleza.

Dawa ingali kwenye mkebe, jikoni, haijafunguliwa.

Ijumaa, 8 Agosti
Wawuda amefika. Amekua. Mama yake amemshusha, amekunywa chai, amekagua ua haraka. Mabati hayajampendeza. Nimemwambia ni ya kukinga vumbi. Alikuwa na haraka ya kurudi, hakubishana.

Jumamosi, 9 Agosti
Furaha tupu. Tumeoga pamoja, nimemshika kiunoni muda wote. Lakini anapenda mbuzi kuliko maji. Nimemfundisha kufungua zizi. Vuta mpira, toa kitanzi, sukuma. Ameshika mara moja. Nimempigia mama yake kujisifu.

Jumapili, 10 Agosti
Kanisani tumeombea mvua. Nimesema amina kwa sauti ya chini.

Jumatatu, 11 Agosti
Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Nilikuwa jikoni nakatakata sukuma wiki. Nilijua Wawuda yuko zizini. Nikasikia bati likilia nyuma ya ua. Nikatoka na kisu mkononi. Bati moja lilikuwa limebanduliwa, chini yake mtungi wa Bi Rukia, na mpira wa kunyonyea maji umepitishwa kwenye waya. Nikapiga kelele. Mwizi. Mwizi wa maji. Niliita kwa jina. Nilimwita Rukia mwizi na mtaa mzima ukasikia.

Nikazunguka mpaka mlangoni. Kitanzi kilikuwa kimetolewa. Bi Rukia akatoka humo, buibui limelowa, amembeba Wawuda kifudifudi mkononi, anampigapiga mgongo. Mtoto akatapika maji. Kisha akalia. Kisu nilikuwa bado nacho.

"Nilikuja kuiba maji, Mama Mkawasi," akasema. "Nimebandua bati nipitishe mpira, nikamwona mtoto."

Mtoto alifungua mlango kama nilivyomfundisha. Ngazi niliiacha palepale. Na wapita njia wote wa leo hawangemwona, maana nililipia mabati yafungwe wasione.

Jumanne, 12 Agosti
Hospitali imemwachilia. Mapafu mazuri. Anauliza nani amefungulia mbuzi.

Nimemweleza Mkawasi yote, hata dawa ya uongo. Kesho anakuja kumchukua. Nilimwogopa binti yangu mwenyewe.

Sokoni watu wamenisalimu kwa adabu tu. Wangenitukana ningelala.

Jumatano, 13 Agosti
Mtoto ameondoka. Mkawasi hakunywa chai.

Nimebandua mabati mwenyewe, nikajikata vidole. Ngazi nimeiingiza stoo. Kisha nikaenda kwa Bi Rukia. Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Alifungua mlango macho chini, akaanza yeye. "Niwie radhi, dada, maji hayakuwa yangu." Aliyetakiwa kuomba radhi ni mimi, na yeye alinitangulia hata hapo. Nililia mlangoni pake kama mtoto. Kutoka ndani mama yake akauliza nani analia. Bi Rukia akamjibu ni jirani.

Alhamisi, 14 Agosti
Nimefungulia mbuzi. Uji haukuungua.

Wanawake wamekuja na mitungi. Mpira wa Bi Rukia ndio unaonyonya maji, yeye ndiye anayepanga foleni. Bwawa limeshuka mpaka magotini. Nimekaa kando ya mlango, siondoki, maana hata maji ya magotini ni mengi kwa mtoto. Komeo bado halijatoka Mombasa.

Mchana tumefua shuka za mama yake, mimi na yeye, karai moja. Alipotaka kuzianika kwenye ua wa bwawa, maana jua linapiga vizuri pale, nilimwomba tuzipeleke kwenye kamba ya nyuma. Waya uachwe wazi.