Gari Lililokosa Pumzi Njia ya Bugarama

Bwiza, Avenue ya Tano,
Bujumbura.
Jumapili, 19 Julai 1998

Mpendwa Baba mdogo Rachidi,

Assalamu alaykum warahmatullah. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ule mguu wako uliokuwa unavimba umepungua. Mama mdogo naye hajambo? Na watoto wameshazoea Ujiji, au bado wanasema mgebuka wa huko si mtamu kama mukeke wa huku, na samaki ni yule yule, ziwa ni lile lile?

Sisi tunashukuru Mungu. Maulidi tumesoma, mchana, kwa sababu usiku hakuna ruhusa ya kutembea. Watu walikuwa wachache ila pilau haikubaki hata punje. Mama mkwe wangu Mwanvua anakusalimu sana. Miguu yake imechoka lakini ulimi bado mpya.

Filtre ya hewa uliyotutumia kwa mkono wa Chabani imefika Alhamisi. Aliificha katikati ya gunia la dagaa, na kwa ambargo hii ya kufungiwa mipaka hata mimi ningeificha hivyo hivyo. Inanuka mpaka paka wa jirani amehamia kwetu. Mungu akulipe kila la heri. Najua unangoja kusikia kwamba kamioneti yetu ya mizigo imepata nguvu, basi usishangae nikikuambia niliipokea filtre yako, nikaiweka juu ya kabati, nikakataa isiguswe. Kichwa changu kimevurugika, Baba mdogo. Sina mwingine wa kumweleza anayejua magari na anayewajua pia watu wa nyumba hii.

Tangu kiangazi kianze gari lilikosa nguvu. Kwenye tambarare linakwenda vizuri, lakini likianza kupanda kuelekea Bugarama linatoa moshi mweusi, na mume wangu Ilias anapunguza gia mpaka anabaki na ya kwanza. Mlima ule unaujua kuliko mimi. Zamani gari dhaifu lilikuwa aibu tu, madereva wenzako wanacheka na kukupita. Siku hizi, kwa ajili ya waasi, magari yanapanda kwa konvoi, askari mbele na askari nyuma, na anayeshindwa kufuata hangojwi. Nguvu ya injini imekuwa roho ya mtu.

Ilias akasema kosa ni la filtre, lile chujio la karatasi linalozuia vumbi lisiingie kwenye injini, kwamba likijaa vumbi, hewa haipiti. Mpya haikupatikana mjini, ndiyo maana tulikuandikia. Tukingoja, kila asubuhi aliitoa, akaigonga kwenye tairi, akaipuliza, akairudisha. Nguvu hairudi. Nikamwambia labda gari limechoka kusikia kelele zake. Hakucheka, tukanuniana mimi na yeye kama watoto.

Jumanne iliyopita aliondoka na magunia ya chumvi kwenda mkoa wa Ngozi. Kurudi alikuwa amchukue mtoto wetu Hayat, ambaye yuko huko kwa wifi yangu tangu mwaka jana. Mbele yake alikuwa Sylvère wa Kinama, yule uliyemfundisha gari wewe mwenyewe. Wawili hao hufuatana daima, mmoja akipata pancha mwingine asimame.

Hata nusu ya mlima hawajafika, kamioneti ikaishiwa pumzi. Magari yakaipita moja baada ya jingine, na mwisho wakaipita askari wa nyuma, wakimpungia mkono afanye haraka. Ilias akabaki peke yake kwenye kona na moshi wake. Anasema hajawahi kuogopa namna ile. Halafu bunduki zikalia huko juu, mahali ambapo naye angekuwepo. Akageuza gari, akaliachia literemke mpaka mjini. Alipoingia uani nilikuwa naosha mchele, na kwa uso wake nikajua kabla hajasema. Sylvère hakurudi.

Kesho yake Ilias alimwita Dieudonné, fundi wetu Mkongomani wa Uvira, anayetengenezea magari pale mbele ya nyumba. Dieudonné hakushughulika na filtre. Alifungua lile bomba linalovuta hewa kabla ya filtre, akaingiza mkono, akachomoa kitu cheusi kwa vumbi, kinene kama kitumbua. Hirizi! Imeviringishwa karatasi, juu yake plastiki, juu yake kitambaa, na juu ya vyote imeshonewa ngozi.

Tukatazamana. Mama mkwe akatoka ndani, wala hakuficha.

«Mi ndiye niliiweka. Ukiitundika kwa kioo, basoda wa jeshi wanaikata kwa bariyeri ya barabarani, wanasema ni dawa ya waasi. Nikatafuta fasi hawachungulii. Na Ilias mwenyewe aliniambia, hapo ndipo gari inapumuliaka. Nikasema vizuri, ikuwe inavuta dua saa yote.»

Dieudonné akashika kichwa. «Mama! Dua yako ilimuziba gari pua! Mafuta ya mazutu bila hewa aiwaki muzuri, inageukaka moshi tu. Ukimufunga mutu pua na mudomo, atapanda mulima?»

«Na kama angepanda?» Mama mkwe akamuuliza. «Leo angekuwa wapi?»

Dieudonné akachukua tambara. Akafuta mikono polepole, akasema, «Mi natengenezaka moteri, Mama. Mambo ya bahati, apana.»

Mimi nilicheka, Baba mdogo, nikacheka mpaka nikajikuta nalia, na hakuna aliyeniuliza ni kipi kati ya hivyo viwili.

Jioni ile walilijaribu gari bila hirizi, na filtre yetu kuukuu ikiwa mahali pake, wakalipandisha kilima cha Kiriri na magunia yote ya chumvi. Likapanda. Si kama jipya, lakini likapanda bila moshi wa maana. Kwa hiyo Dieudonné anasema kweli, kizuizi kilikuwa pale. Na Mama mkwe naye anasema kweli, mwanawe yuko hai. Nikimsikiliza fundi nasema huyu mama alitaka kumuua mwanawe kwa mapenzi. Nikimsikiliza mama nasema huyu fundi anatoa kile kilichotuokoa. Nikiwa peke yangu simwelewi yeyote, hata mwenyewe sijielewi.

Sylvère alizikwa Alhamisi. Mke wake Dative alinishika mkono akaniuliza mbona Ilias hakuwa nyuma ya mume wake kama kawaida. Hakuuliza kwa ubaya, alitaka kujua tu. Ningemwambia nini? Kwamba ni hirizi? Kwamba ni moshi? Nilimkumbatia, na mpaka leo natafuta jibu la kumpelekea.

Narudi nyumbani namkuta Chabani ameketi na gunia lake la dagaa, anatabasamu, filtre mpya mkononi. Sasa unaelewa kwa nini niliiweka juu ya kabati.

Kungoja hakuwezekani. Wifi anahama mwisho wa mwezi kumfuata mumewe Rwanda, kwa hiyo Hayat lazima aletwe. Konvoi ni keshokutwa. Ilias, ambaye tangu Jumanne hasemi zaidi ya kuitikia salamu, jana alikaa mbele yangu akasema, «We Houda, sema. Hii filtre mupya, niifunge ao nisiifunge? Nitafanya yenye utasema.»

Nilikasirika kweli. Tangu lini mwanamume akamuuliza mkewe mambo ya injini? Miaka yote hii nikisema neno juu ya gari naambiwa nirudi kwenye sufuria zangu. Leo ambapo jibu linaweza kuua mtu, ndipo nimekuwa fundi! Nilimwambia hivyo hivyo, kwa sauti, majirani wasikie. Alikuwa anaogopa, Baba mdogo, na mimi nilikuwa naogopa zaidi yake.

Mama mkwe anasema kawia ufike. Mimi nami nimelelewa na chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Methali zote mbili ni za wazee wetu, na barabara ni moja.

Nikawaza hivi. Gari likikosa nguvu linabaki nyuma bila askari, na wale watu wa porini humpenda zaidi aliyebaki peke yake. Mara moja Mungu amegeuza ubovu kuwa kheri, lakini je, nimtegee Mungu mtego uleule mara ya pili? Na kutoka Ngozi pia kuna kupanda kabla ya Bugarama, na wakati huo Hayat atakuwa ameketi ubavuni mwa baba yake. Nikamwona mwanangu kwenye ile kona, moshi mweusi, konvoi imepotea. Nikasema ifungwe.

Basi imefungwa. Mama mkwe hakunipinga. Alichukua hirizi, akafumua ngozi, akatoa kitambaa na plastiki, ikabaki karatasi ndogo ya Yasini, Ilias akaitia mfuko wa shati. Lakini nilimsikia Mama mkwe akinong'ona kwamba mfukoni gari haliivuti. Dieudonné alizunguka na gari mtaa mzima, akarudi anacheka, akaniita nisikilize. Injini ilikuwa nyepesi, safi, hata mimi nisiyejua kitu nilisikia tofauti. Watu wakapiga makofi. Nikaingia jikoni nikashika meza. Ile nguvu niliyoisikia niliiona inampeleka mume wangu mbele, karibu zaidi na pale alipokuwa Sylvère.

Tangu nitamke neno lile silali. Ungekuwepo ungenigombeza, ukanieleza mambo ya hewa na mazutu mpaka nisinzie. Niandikie hata kama umekasirika.

Nisalimie Mama mdogo sana, na bibi Zaituni jirani yenu, na watoto wote, hasa kitinda mimba wenu niliyemwacha hana meno. Mwenyezi Mungu awafunike kwa rehema Zake, na siku moja atukutanishe tena katika nyumba moja, tule sinia moja.

Barua hii ikikufikia, Jumanne itakuwa imeshapita. Wewe utakuwa unasoma hofu yangu, na mimi huku nitakuwa nimeshajua nilichokichagua. Hata hivyo usiache kutuombea, kwa Mungu hakuna kuchelewa. Mimi nimejaribu. Tangu alfajiri nainua mikono, nawataja Ilias na Hayat kwa majina yao, naitaja barabara, na nikifika kwenye gari nanyamaza. Sijui nimwombe Mungu lipande haraka, au likawie. Wewe unayejua magari, Baba mdogo, omba unavyojua, nami nitaitikia amina kutoka huku.

Mwanao akupendaye, asiyejua kama amefanya vema,

Houda