Kiti cha Darlène

Estelle, uko?

Ni Darlène, yule binti kutoka Lusangi anayepanga kijumba peke yake hapa Wamaza ili asome. Leo amesinzia tena darasani. Tena! Mwalimu Magloire akamsimamisha mbele ya wote: "Mademoiselle, usiku unalinda machimbo ya nani?"

Darasa lote likacheka. Mimi pia, pale mlangoni nikingoja zamu yangu ya kufundisha, nilicheka. Nilicheka, Estelle!

Darlène akasema polepole: "Usiku silali, mwalimu. Nyumba yangu haina mlango."

"Mlango uko wapi?"

Akagusa kiti chake. "Ni huu."

Unakumbuka prefe, mkuu wa shule, alivyotangaza kila mwanafunzi aje na kiti chake, asiye nacho abaki nje? Darlène hakuwa na mbao. Akaung'oa mlango, akaukata, akaupigilia miguu. Wiki tatu sasa anakesha na panga mapajani, kwa sababu kuna mwanaume amekuja mara mbili kusimama pale penye uwazi. Anasimama tu.

Nikamwambia, "Turudishe mlango leo." Akaniuliza: "Na kesho, yaya, dada yangu, nitakaa wapi?"

Nikamwambia alale kwangu. Akakataa: nyumba ikibaki tupu, wataiba mihogo yake yote, na mama yake hana mingine ya kumtumia.

Prefe? Amesema sheria ni sheria.

Masomo yameisha. Namwona anaondoka, kiti kichwani. Anasema usiku akikisimamisha penye uwazi badala ya mlango, kinamfikia kiunoni tu.