Taa Iliyokaa Upande

Kwako kaka Saw Ehdoh,

Huku mvua haikatiki. Samaki wa kusaga uliowatuma nimewapa mbwa.

Ulimfukuza mke wangu Mupaw kwako kwa sababu kliniki hii ninayofagia ilisema hana kifua kikuu. "Huyo anakohoa uvivu," ulisema. "Akapande mpunga au ahame."

Juzi Naw Shee, mpimaji mpya, aliifungua hadubini ile inayofanya vijidudu ving'ae kama vimulimuli. Alinishikisha karatasi nyeupe mbele ya mwanga. Doa la taa lilikuwa pembeni.

"Aliyebadilisha taa hii alikuwa na haraka ya kwenda wapi?" aliuliza. "Nusu ya kioo ilikuwa gizani."

Alizungusha skrubu polepole mpaka doa likatulia katikati. Nikamwomba atazame tena kioo chenye makohozi ya Mupaw, kilichohifadhiwa kabatini. Alitazama, kisha akaniita nichungulie. Vijidudu vilikuwa vimejaa, vinang'aa.

Mupaw ameanza dawa. Sitakusamehe, na ukibisha hodi kwangu sifungui. Lakini wanao walilala naye chumba kimoja. Walete wapimwe wiki hii. Ukifika, mwulizie Naw Shee, si mimi.

Saw Kler