Boti Iliyopita Bila Honi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeamka salama, goti limetulia kidogo, na chai umeinywa ikiwa bado ya moto. Sisi huku hatujambo. Mjukuu wako ameota jino la mbele na sasa anang'ata kila kitu, hadi futi yangu ya kupimia nguo. Mkwe wako anakusalimu sana. Mama naye amefika salama, na kama kawaida yake ameanza kwa kupanga upya vyombo vyangu vya jikoni bila kuniuliza.

Utashangaa kwa nini nakuandikia ilhali tunakaa pande mbili za kinamasi kimoja na boti yako inapita hapa karibu kila siku. Ni kwa sababu ana kwa ana ungenikatiza. Ningeanza kusema, ungecheka, ungeniita askari kanzu kama unavyoniita tangu nikiwa mdogo, nami ningecheka pamoja nawe na maneno yangeishia kooni. Kwenye karatasi huna pa kunikatizia.

Jambo lenyewe ni ajali ya yule mwalimu wa hesabu, mwenzangu katika mashindano ya kuvua kwa kayaki. Najua mchezo wetu hujawahi kuuelewa. Uliniuliza siku moja kuna maana gani mtu mzima, fundi cherehani mwenye wateja wanaomsubiri, kukaa ndani ya kitu chembamba kama ganda la njugu, kumvua samaki, kumlaza juu ya ubao wa kupimia, kumpiga picha, kisha kumrudisha majini akaendelee na shughuli zake. Nilipokwambia kwamba mshindi ni mwenye samaki warefu kuliko wote, ulisema basi kikombe apewe samaki. Nilicheka, lakini nilinuna kimoyomoyo.

Mchezo huo hauna hatari kubwa isipokuwa moja, nayo ni boti za injini. Kayaki iko chini na matete yako juu, kwa hiyo kila mmoja wetu lazima asimamishe fimbo ndefu yenye bendera ya rangi ya chungwa. Bendera zote nimezishona mimi. Sisi tunakaa ukingoni, na tukitaka kuvuka mkondo tunavuka moja kwa moja bila kuzubaa katikati. Ninyi wa boti mkiona bendera mnapunguza mwendo, na kabla ya kona mnapiga honi. Hilo la honi uliwafundisha wewe madereva wa gati zote mbili, na mpaka leo wakipiga wanakutaja.

Siku ile mwalimu alikuwa kwenye ile kona ya matete marefu. Boti ikatokea bila honi. Ilimkwangua ubavuni, kayaki ikapinduka, na mkono wake ukavunjika ukiwa bado umeshika kasia. Boti haikusimama. Jaketi la kuelea ndilo lililomweka juu ya maji mpaka tulipomfikia, maana kwa mkono mmoja asingeogelea. Jua lilikuwa machoni mwake. Alichokiona ni kivuli cha mtu mwenye kofia, basi.

Unajua tabia yangu, Baba. Wengine walipeleka pole, mimi nilikwenda hospitali na machungwa mkononi na maswali mfukoni. Mtu wa kwanza niliyemshuku alikuwa mwalimu mwenyewe. Wavuvi wa kayaki tuna ujinga wetu: ukipata mahali penye samaki, unaishusha bendera ili wenzako wasije kukubana. Nilidhani na yeye alishusha, akajificha kwetu akajikuta amejificha na kwa boti. Aliapa kwamba hakushusha. Sikumwamini, nikaenda kuitazama fimbo yake. Bendera ilikuwa imefungwa juu kabisa, fundo likiwa limekazwa na maji. Nikarudi kumwomba radhi, na machungwa nikayaongeza.

Aliyefuata alikuwa Radi, yule dereva wa gati ya pili. Huyo hata nisingemshuku mimi, watu wote walikuwa wameshamaliza kesi. Injini yake inapiga kelele, muziki wake unaishinda injini, na anapita karibu na sisi kama anayedaiwa roho. Mimi mwenyewe nilisema mbele ya watu kwamba ni mhuni. Wewe pia, Baba, ulisema pale gatini kwamba vijana wa siku hizi wanaendesha kama wamekalia moto, na watu wakaitikia kwa vichwa kwa sababu aliyesema ni wewe. Katibu wa mashindano akapeleka malalamiko kwa wasimamizi wa gati. Kesho Jumamosi ni kikao, na kila mtu anajua kwamba Radi atanyang'anywa kibali chake. Ana mke na watoto, na hana kazi nyingine anayoijua.

Radi alijitetea kwamba saa ile alikuwa kwa daktari wa meno. Watu walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, halafu nikaenda kwa daktari wa meno. Nilijifanya jino linaniuma, nikakaa pale nikipiga soga na muuguzi mpaka nikamfikisha nilikotaka. Akaniambia yule dereva mwenye kelele alikuwepo kweli asubuhi ile yote, tena hawezi kumsahau kwa sababu alipiga ukunga kabla hata sindano haijamgusa. Nilitoka pale nimesafishwa meno bila kupenda na sina tena mtu wa kumshuku.

Nikarudi kwa mwalimu kumuuliza juu ya mlio. Akasema injini ilikuwa ikinong'ona tu, hata muziki haukuwepo. Boti haikuwa hata kasi. Ilikuja taratibu, imenyooka, kama vile yeye na bendera yake hawakuwepo. Hapo ndipo usingizi uliponiruka, Baba. Injini inayonong'ona katika kinamasi hiki iko moja, na mwenye nayo anajisifu kwayo kila siku.

Sikutaka. Nakuapia, kwa mara ya kwanza maishani nilichukia tabia yangu ya kuchungulia. Nilijiambia kwamba baba yangu anaijua mikondo hii kuliko samaki wenyewe, na kwamba akimgonga mtu atasimama hata kama mto unawaka. Lakini shaka ikishaniingia hainitoki. Wiki hii nilipopanda boti yako nikasema naenda kununua uzi, sikuwa na shida ya uzi. Kabati langu limejaa uzi.

Nilikaa nyuma nikawatazama wewe na Mama. Mama yangu mimi namjua. Ni mtu wa kusema maneno machache na kuyapima kabla hajayatoa. Lakini tangu alipoanza kusafiri nawe, eti kwa ajili ya kupunga upepo, hanyamazi. Alikwambia yule muuza mkaa leo amefunga mtumbwi wake upande wa kulia. Akakwambia matete ya konani yameinama kweli kweli mwaka huu, na hapo hapo ukapiga honi. Akasema lo, bendera zile zinavyopendeza, mbili upande wa kushoto, na hapo hapo ukapunguza mwendo. Abiria wengine walidhani ni mazungumzo ya wazee wanaopendana. Ile haikuwa soga. Mama alikuwa anakuonea njia.

Tulipofika nilishuka mwisho ili niitazame boti kwa nje. Ubavuni, karibu na pua, nikaona palipopakwa rangi mpya. Umepapaka vizuri, Baba, kwa mkono uliotulia, kingo zimenyooka. Lakini boti yako ni ya buluu, na pale umepaka kijani. Wewe, uliyewahi kunirudisha dukani na kopo zima kwa sababu buluu yake ilikuwa imefifia kidogo. Mama angekuwepo angekwambia. Kwa hiyo nikajua kwamba ulipaka peke yako, kwa siri, bila hata yeye kujua ulikuwa unafunika nini. Nikakwangua kidogo kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na mchirizi wa njano. Kayaki ya mwalimu ni ya njano.

Nilikaa gatini nikalia mpaka mtu akaniuliza nimefiwa na nani.

Sasa nimeshajua ilivyokuwa, na kama nimekosea nisahihishe. Siku ile ya mashindano Mama hakuwa nawe. Alikuwa kwangu, anamlea mjukuu wenu ili mimi nipate nafasi ya kuvua. Ulitoka peke yako kwa sababu ulikuwa na mizigo ya watu na hukutaka mtu aulize. Hakukuwa na wa kukwambia kwamba kona imefika, ndiyo maana hukupiga honi. Ulisikia mkwaruzo, na nadhani ulijiambia ni gogo. Hilo nalielewa, na nalia nawe. Lakini jioni habari zilienea, ukajua kwamba si gogo. Ukaenda kutafuta rangi. Kisha ukakaa kimya ukimwangalia mtu mwingine akitukanwa, na neno lako ukaliongeza juu ya matusi yao. Hilo limeniuma kuliko mkono wa mwalimu. Nimekukasirikia, Baba, na nakupenda, vyote viwili kwa pamoja.

Keshokutwa Jumapili ni fainali. Kayaki zote zitakuwa kwenye mkondo ule ule, yangu ikiwemo. Najua kuna mizigo umeahidi kuipeleka. Usiende. Macho yanatibika, nimeshauliza. Hata kama hayatapona yote, yatapona kiasi cha kukuwezesha kumwona mjukuu wako. Lakini usukani uache kuanzia leo. Na kesho kikaoni nataka usimame useme mwenyewe. Usiposema, nitasema mimi, na nitasema nikikutazama.

Imebaki moja ambayo sijakueleza. Mama nimemwita leo makusudi, siku ambayo boti yako haitoki. Angekuwa hapo yeye ndiye angekusomea, na nisamehe kwa kumshuku mama yangu mzazi, lakini nilijua angeruka mistari. Mtu aliyekuletea barua hii nilimwambia ajitambulishe kama mteja wangu wa nguo. Nilimwambia kwamba utasema miwani umeisahau botini, na utamwomba akusomee. Kama ndivyo ilivyokuwa, basi hakuna haja ya kubishana nami juu ya macho.

Mtu huyo nilimwendea juzi nikamwomba radhi, nikamweleza yote, rangi na kila kitu. Angeweza kwenda moja kwa moja kwa wasimamizi akajiokoa. Badala yake akasema kwamba wewe ndiye uliyemfundisha kupiga honi kwenye kona, na kwamba angependa mzee atoke mwenyewe kabla hajatolewa. Nilimtaka aisome barua yote bila kuruka neno, hata pale nilipomwita mhuni. Nina hakika amesoma, maana alinipa ahadi, na nimechoka kumshuku.

Ndiye Radi, Baba. Sauti uliyokuwa ukiisikia muda wote huu ni yake, ila leo haishindani na injini wala muziki, na nilimwomba aishushe usiitambue. Kabla hujamjibu chochote, mwambie asogee karibu, karibu kabisa, mpaka umwone uso.

Pokea salamu za nyumba nzima, za mkwe wako na za mjukuu. Mama nitamweleza mimi usiku huu, usimwogope. Kesho asubuhi nitakuwa mlangoni pa ofisi ya gati mapema, nimekuwekea kiti kando yangu.

Mimi mwanao wa kwanza,
Fundi