Wimbo wa Kuvuta Kuni

Ijumaa, 20 Juni 1975
Nimecheka peke yangu kama mwehu. Darasa langu la kisomo hapa Ivuna limeleta tungo za mashindano ya Saba Saba, na Roda, mama mpika chumvi, kaleta wake. Ndio utungo wa kwanza aliouandika kwa mkono wake mwenyewe. Mtamu! Lakini vina hakuna, mizani hakuna — mstari wa kwanza una neno moja tu, "Chemka." Na masharti ya mashindano, yatakayofanyika Vwawa, yako wazi: utungo usio na vina na mizani haupokelewi. Nimemwambia niachie mimi. Baba alinifunza mizani kule Pangani kwa punje za tasbihi, hili litanishindaje!

Jumapili, 22 Juni
Nimeunyoosha! Beti sita, nane kwa nane. "Chumvi yangu ya Ivuna, nakupika kwa makini." Roda kausoma mara mbili, kanishukuru kwa adabu. Nimemwagiza aukariri akiwa kazini, mpaka ubeti wa mwisho. Leo nalala bingwa.

Jumatano, 25 Juni
Aibu yangu. Chumvi ya Roda imeungua. Imeshika chini ya chungu, kahawia, inanuka moshi. Nimekwenda mwenyewe hadi mekoni. Jirani yake, Marita, ndiye aliyenieleza, huku anajizuia asicheke: wimbo wa Roda wanauanza maji ya chumvi yakitokota. Ukiisha, kuni zinavutwa motoni, chumvi isiungue. Hawana saa, wana wimbo. Mimi nimeurefusha, naye Roda kaimba mpaka ubeti wa mwisho kama nilivyomwagiza!

Nikakaa kwenye gogo, nikamwomba Roda aimbe wa kwake. "Chemka" — kimya — povu likapanda. "Chemka" tena. Neno la kupunguza sikuliona, la kuongeza sikuliona. Na mimi ndiye niliyesema hauna mizani.

Chumvi iliyoungua nimeichukua. Mchuzi wa leo umenuka moshi, nimeula wote, na kwa raha.

Jumamosi, 5 Julai
Karatasi mbili mezani, wimbo wake na beti zangu. Roda anasema nichague mimi, ndiye mwalimu. Nimekataa, utungo ni wake. Lakini naogopa. Wakiukataa mbele za watu, kalamu hataishika tena, namjua.

Jumatatu, 7 Julai. Vwawa
Naandika juu ya goti. Watu tele, vumbi, nina furaha. Mwamuzi mkuu, mzee mwenye miwani, kayasoma masharti upya. Roda kapanda jukwaani mikono mitupu. Kanitafuta kwa macho.

"Mwalimu, naimba wangu."

Chemka.

Mwamuzi anahesabu kwa vidole. Kaacha. Kaanza tena, kaacha. Roda kafika neno la mwisho — na Marita, hapa kando yangu, kainama akanyoosha mkono kuvuta kuni. Kuni ziko wapi! Kashika vumbi.

Mwamuzi kamwona. Kaweka kalamu chini, anamwita.

"Mama, hapo ulikuwa unafanya nini?"

Marita anajifuta mkono kwenye kanga, anasimama. "Wimbo umeisha, mzee, nilikuwa navuta kuni."