Kumbe Mkanda Mweusi Ndio Mwanzo

Dunda, Bagamoyo

Shamsudin wangu,

Huku hatujambo, na kuku wa mama wameanza kutaga. Uliahidi ukipata mkanda mweusi wa judo huko Japani utarudi tuoane. Ulipotuma picha umeuvaa, Shangazi Mardhiya akaniweka ndani kama mwali wa harusi siku ileile, nasingwa liwa mwilini, nakungoja.

Leo kocha wako wa zamani kaja kutupongeza. Nilikuwa nyuma ya pazia, kikombe kikaniponyoka! Kumbe mweusi ni daraja la kwanza tu! Madaraja ni kumi, na la kumi hulipata vikongwe! Anasema umemwambia hurudi mpaka uyamalize. Ulijua, ukaninyamazia?

Basi nimetoka ndani. Ukifika la kumi, njoo. Wajukuu zangu watakuamkia shikamoo.

Raya, aliyekuwa mchumba wako