Kikosi Kisichopoteza Mtu

Kasulu, 11 Februari 2024

Baba mdogo mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, ukiacha kikohozi cha baridi ya asubuhi ambacho bweni zima tunacho. Mgongo wako unaendeleaje? Na baiskeli za watu wa Kibondo, bado zinakutia wazimu? Mama nilimwacha Kagerankanda akipalilia mihogo, ni mzima, anakusalimu.

Barua hii nampa Mzee Nurudini, yule muuza vitenge anayepanda na kushuka kati ya Kasulu na Kibondo. Simu hapa shuleni ni marufuku, ukikamatwa nayo unarudishwa nyumbani, kwa hiyo tuandikiane kizamani.

Siku ya wazazi, mwezi ujao, sisi kidato cha tano tutafanya mdahalo mbele ya wageni: ni nani aliyekuwa kiongozi mkubwa wa kijeshi kuliko wote katika historia. Firdausi, rafiki yangu wa kitanda cha juu, amemchukua Khalid bin Walid na anasema mtu ambaye hakushindwa vita hata kimoja hana mjadala. Ange amemchukua Napoleon. Mimi mwalimu alinipa Aleksanda wa Makedonia. Nimemsoma na simpendi. Nataka kumtetea mtu ambaye hayumo kitabuni: Afande Niyubahwe, yule aliyewaongoza wewe na baba vitani Burundi, ng'ambo ya mpaka. Tangu nikiwa mdogo unasema hajatokea kamanda kama yeye. Niandikie ni kwa nini.

Kuna jambo lingine. Mama amechumbiwa. Ni Mzee Bazilio, katekista, yule aliyefiwa na mkewe. Mama hajasema ndiyo wala hapana. Padri anasema hawezi kufungisha ndoa wakati haijulikani kama baba yu hai au amekufa, mpaka apatikane mtu aliyeona kwa macho yake. Mama alinikataza nisikusumbue na habari hii. Nimekusumbua.

Mwanao,
Aline


Kibondo, 20 Februari 2024

Mwanangu Aline,

Marahaba. Mgongo ni uleule, nimeshauzoea. Baiskeli hazina neno, wenye baiskeli ndio wagonjwa. Jana mmoja kaniletea gurudumu limepinda kama chapati, anataka nilinyooshe akisubiri.

Barua yako nimeisoma na kucheka peke yangu mpaka mama muuza dagaa wa jirani akauliza kulikoni. Napoleon? Yule aliyewapeleka watu kwenye theluji, wakafia huko, mwenyewe akapanda gari la farasi akarudi kwake kula? Mwambie huyo Ange achague mwingine. Na Aleksanda wenu alikufa kijana, hakusema nani ashike nafasi yake, majemadari wake wakagombana miaka na miaka. Khalid namheshimu, hapo Firdausi anajua anachosema. Lakini hata Khalid alipoteza watu.

Sasa andika. Afande Niyubahwe alikuwa mtu mfupi, mwembamba, mpole wa maneno. Hakula kabla sisi hatujala. Tulivuka Malagarasi wakati wa mafuriko tumeshikana mikono, na yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kutoka majini. Akiona mtu anachechemea, humpa viatu vyake. Lakini ukubwa wake ulikuwa jioni. Kila jioni, popote tulipo, tulijipanga mstari, akaita majina ya kikosi kizima kwa kichwa, bila karatasi. Kila aliyeitwa aliitika "Karame", kama tunavyomwitikia mkubwa nyumbani. Miaka yote ile, mwanangu, hapakuwa na jina lililoitwa likakosa mwitikio. Kikosi hakikupoteza hata mtu mmoja. Waambie hao walete Napoleon wao hapo.

Kuhusu Bazilio, mwambie atafute mwanamke asiye na mume. Kaka yangu yupo. Wengi, vita vilipotufikisha Kongo, walibakia huko, wameoa, wana mashamba, wanaona aibu kurudi mikono mitupu. Mama yako nimemweleza haya tangu ukiwa unatambaa, na anajua mimi sina sababu ya kumdanganya.

Vaa sweta.

Baba yako mdogo,
Venanti


Kasulu, 18 Machi 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Kikohozi kimepona. Natumaini mgongo umekupa nafuu, maana leo nina maneno mengi na nataka uyasome ukiwa umekaa.

Mdahalo ulikuwa Jumamosi. Ukumbi ulijaa. Nilisimama wa mwisho, na nilipotaja jina la Niyubahwe watu walitazamana, halafu nikawasimulia mto, na viatu, na majina ya jioni. Niliposema hakupotea hata mmoja ukumbi mzima ulipiga makofi, hata Firdausi. Wakanipa ushindi. Nilishukuru kwa jina lako.

Watu walipokuwa wakitoka, baba yake Ange akaja kuketi kando yangu. Anaitwa Mzee Claude, wanaishi kambini Nduta, alikuja kumtembelea binti yake. Kumbe naye alikuwa katika kikosi cha Niyubahwe. Nikafurahi, nikadhani anakuja kunipongeza. Aliniuliza mimi ni binti wa nani. Nilipomwambia ni wa Harerimana, akasogea karibu zaidi. Kisha akasema kwamba yote niliyosema ni kweli, majina yote yaliitikiwa. "Lakini tulikuwa tunaitikiana, binti yangu. Mimi mwisho wa vita nilikuwa naitikia majina matatu, na langu likiwemo."

Nikamwuliza ana maana gani. Akanieleza kwamba mtu akifa, aliyesimama kando yake mstarini ndiye aliyelichukua jina lake. Jioni likiitwa, analiitikia. Ilikuwa marufuku kusema kwamba fulani amekufa.

Nikamwuliza aliyeitikia jina la baba ni nani. Alisema nimwulize aliyekuwa akisimama mkono wake wa kushoto.

Ni wewe uliyeniambia, baba mdogo, mara nyingi, kwamba wewe na baba mlisimama pamoja siku zote, yeye kulia wewe kushoto. Kwa hiyo nauliza. Sina swali lingine.

Mwanao,
Aline


Kasulu, 22 Aprili 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Sijui kama u mzima, ndiyo maana naandika tena. Mzee Nurudini anasema barua yangu alikupa mkononi, ukaisoma umesimama, ukaiweka mfukoni, ukafunga karakana mchana na mteja bado yumo ndani. Anasema tangu hapo akipita unamwambia huna barua ya kurudisha.

Nilikwenda nyumbani Pasaka. Mama sikumwambia aliyoyasema Mzee Claude, si langu kumwambia. Ila nilimtazama kwa jicho lingine. Ameanza kuwa mzee, na kila ugomvi wa mpaka wa shamba anaambiwa asubiri mumewe aje aseme. Akina mama wajane wana kikundi chao kanisani, hawamkaribishi. Wenye waume nao wana chao. Mzee Bazilio huja Jumapili, anakaa kwenye kigoda nje, wanaongea habari za mvua, anaondoka. Nilimwuliza mama kama anampenda. Alisema, "Nitajuaje, na mimi sijamaliza kumngoja wa kwanza?"

Nina hasira na wewe, na pia nakuogopea. Andika lolote.

Aline


Kibondo, 9 Mei 2024

Aline,

Mimi ni mzima. Kula nakula.

Umenikasirisha, na Claude amenikasirisha zaidi. Alikuwa askari hodari lakini mdomo haufungi. Kwa kuwa umeshaanza, acha nikueleze, usije ukamtukana Afande kwa kutojua.

Mara ya kwanza tulipovamiwa, jioni aliita majina kama kawaida. Jina moja likakaa kimya. Akaliita tena. Hujawahi kusikia kimya cha namna ile na Mungu akuepushe. Kesho yake watu walikuwa wameshaanza kutoroka, mmoja mmoja, na aliyetoroka alikamatwa barabarani akauawa. Jioni Afande akaliita lile jina tena, akamtazama aliyekuwa jirani yake, akamwambia kwa upole, "Itika." Yule akaitika. Tangu siku hiyo hakutoroka mtu. Tulikuwa tunasikia kikosi kizima, tunalala. Ndivyo alivyotutoa wazima, sisi tuliotoka. Hao wa vitabuni walihesabu maiti wakajengewa masanamu. Wa kwetu hakukubali kuhesabu. Ni uongozi au si uongozi? Nimejiuliza miaka mingi.

Afande alikufa kwa homa, tukiwa njiani kurudi huku. Hakututamkia neno la kutawanyika. Hakuna aliyetuambia tuache.

Sasa fahamu hili. Kila jioni, jua likiingia, nikiwa karakana au nikiwa sokoni au nikiwa kanisani, nasikia majina yakiitwa kwa mpangilio uleule. Si kwa masikio, lakini nasikia. Likifika la kaka yangu, mdomo unaitika wenyewe. Watu wa hapa wanadhani nasali. Mama yako alipokuja kuniuliza mara ya kwanza, wewe ukiwa mgongoni, ilikuwa ni saa hiyohiyo. Aliniuliza, "Harerimana yuko wapi?" Nikasikia jina lake limetajwa, nikamwambia yupo. Baada ya hapo sikujua namna ya kurudi nyuma.

Unaniuliza kamanda mkubwa kuliko wote ni nani. Ni yeye. Amekufa zamani na bado mimi namtii.

Venanti


Kasulu, 15 Mei 2024

Baba yangu mdogo,

Shikamoo, shikamoo tena. Barua yako niliisoma bafuni, mahali pekee pasipo na watu. Nililia kwa ajili ya baba, halafu nikakuta nakulilia wewe. Hasira sina tena, au ninayo kidogo tu.

Nilimwomba mwalimu ruhusa nikaenda nyumbani siku moja. Sikumwambia mama uliyoniandikia. Nilimwambia tu kwamba una neno la kumwambia na limekushinda. Alikaa akipepeta maharage mpaka yakaisha. Kisha akasema ataloweka mtama wa pombe. Nilielewa, na wewe unaelewa: anataka kuganduka, matanga yaanuliwe kama kwa wafiwa wengine. Ameweka Jumamosi ya tarehe nane Juni. Mzee Bazilio amesema hatafika, si mahali pake.

Wazee wanasema pombe ya mtama haiwezi kunywewa mpaka mtu wa ukoo wa marehemu asimame, aulizwe mbele ya watu marehemu yuko wapi, na yeye atamke kwamba amefariki. Baba hana mtu wa ukoo upande huu isipokuwa mimi na wewe. Mimi sikuona. Tena siku hiyo nitakuwa katikati ya mitihani na nikikosa narudia mwaka.

Nimefikiri sana kuhusu Afande wako. Nilimtetea mbele ya watu wote na sitaki kurudisha ushindi. Lakini kiongozi anayeshindwa kuwaambia watu wake vita vimekwisha, baba mdogo, hao watu wanafanyaje? Mimi si afande wala si mkubwa wako. Ni mtoto wa mtu unayemwitikia. Kama hiyo inatosha, nakuomba uache.

Ukifika stendi ya Kasulu, pikipiki za Kagerankanda zinasimama upande wa maduka ya vyombo.

Mwanao,
Aline


Kibondo, 24 Juni 2024

Mwanangu Aline,

Salamu nyingi. Natumaini mitihani umeipiga vizuri na kwamba unalala. Mgongo uliumia kwenye pikipiki, kijana yule hajui shimo ni nini.

Nilikwenda. Nakuandikia kwa kuwa ni haki yako kujua kama uliyekuwepo.

Walikuwepo watu wengi kuliko nilivyotaka. Mama yako alivaa kitenge cheusi, akanipokea kama mgeni, akanipa maji ya kunawa. Mtungi wa pombe ulikuwa katikati ya uwanja. Mzee Niyubahwe wa jirani, mwenye jina moja na Afande, ndiye aliyechaguliwa kuuliza. Akaniita mbele. Akasema, "Harerimana yuko wapi?"

Mdomo ulifunguka kutaka kuitika. Niliona mama yako ananitazama na nikajua anajua, kwamba alijua siku nyingi jinsi ninavyokuwa jua likizama. Hakunisaidia. Nilisimama pale mpaka watu wakaanza kuguna. Halafu nikasema, "Amefariki. Niliona. Nilimfunika kwa majani ya mgomba kwa mikono hii, kando ya mto." Sikuwahi kulisema kwa sauti.

Wanawake wakaanza kulia. Mama yako hakulia papo hapo. Alinichotea pombe, akaniwekea mrija, tukanywa katika mtungi mmoja. Ndipo akaniambia polepole, wengine wasisikie, "Shemeji, ungeniambia, tungelia wawili." Hilo tu.

Jioni ile majina yaliitwa kama kawaida. La baba yako lilipofika nilifunga mdomo. Kimya kilikuja, kilekile cha siku ya kwanza. Nilidhani kitaniua. Kikapita. Tangu hapo linaitwa kila siku na linapita. Bazilio nimesikia amerudishiwa kigoda chake, safari hii ndani.

Lakini kuna jambo sikukuandikia. Claude alikuwa na majina ya watu, na mimi pia. Mbali na baba yako nina la kijana mmoja, Niyomwungere, umri wako hivi, alisimama mkono wangu mwingine. Alijiunga nasi njiani. Sikumwuliza kwao ni wapi, na hapakuwa na muda wa kuuliza. Huenda ana mama mahali fulani anayeambiwa asubiri. Hakuna mtungi utakaowekwa kwa ajili yake, wala mtu wa kuniuliza yuko wapi.

Mwombe Ange amwulize baba yake kama anawajua watu wake, kijiji chochote, hata jina la kaka. Claude anarudi Burundi karibuni na kambi inapungua watu, kwa hiyo fanya haraka. Nikiwapata nitakwenda, hata kwa miguu, niseme nilichoona.

Mpaka hapo siwezi kumwacha. Jua likizama namwitikia. Jana nimemwitikia.

Baba yako mdogo,
Venanti